Pikipiki Mpya Ikiwa na Kasoro: Haki za Mnunuzi wa Sibwesa kwa Sheria ya Nchi na kwa Fiqhi

Kopo la biskuti lilishushwa kutoka juu ya kabati kwa mikono miwili, likafunguliwa mbele yetu mkekani. Ndani mlikuwa na risiti ya EFD, kadi ya usajili, kijitabu cha waranti ambacho hakijatolewa katika nailoni yake, na kipande cha karatasi ya daftari ambacho mama mwenye nyumba alikuwa ameandika tarehe tatu kwa kalamu ya risasi: siku pikipiki ilipoingia nyumbani, siku ilipoanza kutoa moshi, na siku fundi alipoifungua injini. Pikipiki yenyewe ilikuwa nje chini ya mwembe, imefunikwa turubai. Umri wake ulikuwa wiki tano.

Tulikuwa Sibwesa, kata ya Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, magharibi mwa Mpanda kwa anayeelekea upande wa Ziwa. Kabla Katavi haijamegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, watu wa huku walihesabiwa katika Wilaya ya Mpanda, na hata leo wengi wao wakisema "mjini" wanaikusudia Mpanda. Huko ndiko linakopelekwa zao, na huko ndiko kunakonunuliwa mabati, sare za shule, na pikipiki.

Wasomaji wetu wa mijini wakisikia habari ya chombo kipya chenye kasoro huenda fikra zao zikaenda kwenye gari. Lakini ni Watanzania wachache wanaonunua gari jipya. Mengi ya magari yaliyomo barabarani mwetu yalikwisha kutumika Japani kabla hayajapandishwa meli. Chombo ambacho mkulima wa kawaida hukinunua kikiwa kipya kabisa, kiti kikiwa bado na karatasi yake, ni pikipiki. Katika nyumba nyingi za vijijini ndiyo gari la wagonjwa, ndiyo mkokoteni wa magunia, na ndiyo ajira ya kijana aliyemaliza kidato cha nne. Yote tutakayoyaeleza yanamhusu vilevile mwenye kununua gari, bajaji, guta au trekta dogo la mkono.

Hatutamtaja jina baba wa nyumba hii, wala duka aliloliendea, kwa kuwa pande mbili hizi zilikwisha kupatana, nasi hatukufika kuvunja suluhu. Tuliyoyafuata ni yale yaliyotangulia suluhu hiyo, kwani yanawakuta wengi, na wengi huyamaliza kwa kunyamaza.

Muuzaji alitaka shilingi 3,000,000. Wakashushana hadi 2,800,000. Katika fedha hizo, 900,000 zilikuwa za mke, alizozipata kwa karanga zake mwenyewe. Kadi na risiti vikaandikwa jina la mume peke yake. Hapa tuseme neno moja kisha tupite: mali ya mke ni mali yake, na akiitoa katika chombo cha nyumba ni vema ijulikane ameitoa kama zawadi, kama mkopo, au kama fungu la ubia. Shauri likifika mbele ya hakimu, mwenye jina kwenye risiti ndiye atakayeulizwa kwanza.

Siku ya tisa pikipiki ilianza kutoa moshi wa rangi ya buluu, na oili ikawa inapungua bila kuvuja mahali. Baba alimpigia simu muuzaji siku ileile. Baada ya Isha muuzaji akajibu kwa ujumbe mfupi uliofika katika simu ya mke, kwa sababu ya mume ilikuwa imeisha chaji: endelea kuitumia hadi sevisi ya kwanza, injini ni mpya, itazoea. Basi akaendelea. Yalikuwa majira ya mahindi, na magunia hayangoji. Siku ya ishirini injini ilikwama njiani, akaisukuma hadi kijijini. Fundi wa jirani akaifungua na kuonyesha ringi za pistoni zilizokuwa zimekatika. Muuzaji alipopelekewa habari alisema mambo mawili ambayo kila aliyewahi kununua chombo amepata kuyasikia. La kwanza, nani aliyekuruhusu kuifungua, waranti imekufa. La pili, geuza risiti usome nyuma: bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Neno "hairudishwi"

Tuanze na hilo la pili, maana limewafunga watu midomo kuliko kufuli lolote. Limepigwa chapa kwenye risiti, limebandikwa ukutani nyuma ya mwenye duka, na wateja hulisoma kana kwamba ni kifungu cha sheria.

Sheria ya nchi inasema vingine. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, ambayo asili yake ni sheria ya Kiingereza ya mwaka 1893, inatia ndani ya mauziano masharti ambayo hayahitaji kuandikwa wala kutamkwa. Kifungu cha 16 kinahusu ubora. Mtu akinunua kwa maelezo kutoka kwa mfanyabiashara anayeuza bidhaa za namna hiyo, bidhaa inapaswa iwe na ubora wa kuuzika. Pikipiki mpya inayomaliza ringi katika siku 20 haina ubora huo, hata ikiwa rangi yake inang'aa. Ipo hali moja: ikiwa mnunuzi aliikagua bidhaa, hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuifichua. Kioo kilichopasuka kingeonekana dukani. Ringi zilizo ndani ya injini haziwezi kuonekana.

Kifungu hicho kina jambo jingine ambalo wakulima wetu hawalitumii. Mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayokusudia kuifanya, kwa namna inayoonyesha kwamba anautegemea ujuzi wake, muuzaji anabeba sharti la kuwa bidhaa itafaa kwa kazi hiyo. Anayesema "nipe pikipiki itakayobeba magunia katika njia ya makorongo, nakuachia wewe unichagulie" ana haki pana kuliko anayeingia akitaja jina la aina aitakayo na kutoa fedha. Huyu wa pili, aliyekwisha kuchagua kwa jina la kibiashara, anabaki na sharti la ubora wa kuuzika tu. Wengi wetu huingia na jina tulilolisikia kijiweni.

Sheria ile ya zamani iliwapa wauzaji nafasi ya kuyaondoa masharti haya kwa makubaliano. Lakini makubaliano hufanyika kabla ya fedha kutolewa, na maandishi ya nyuma ya risiti humfikia mnunuzi baada ya kulipa. Zaidi ya hayo, Bunge lilikwisha kutunga Sheria ya Ushindani Namba 8 ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani, FCC. Humo mna sehemu ya masharti yaliyomo katika mikataba ya walaji, na mna katazo la kumpotosha mnunuzi kuhusu kuwapo au kuondolewa kwa dhamana na haki zake. Mwenye duka anayemwambia mteja kwamba hana haki yoyote ya kurudisha chombo kibovu asidhani kuwa anaeleza tu utaratibu wa duka lake.

Upande wa dini habari hii ni kongwe zaidi. Imam Malik amepokea katika Muwatta kisa cha Abdullah bin Umar (R.A.), aliyemuuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti la kutodaiwa aibu yoyote. Mnunuzi akagundua maradhi ambayo hakutajiwa. Wakapelekana kwa Sayyidna Uthman (R.A.). Ibn Umar akajitetea kwa sharti lake, ambalo kwa lugha ya leo ndilo hilo "hairudishwi". Uthman akaamua aape kwamba alipouza hakuwa akiijua aibu ile. Ibn Umar hakutaka kuapa. Akampokea mtumwa wake. Baadaye mtumwa akapona, naye akamuuza kwa dirhamu 1,500.

Zama zile za kuuzwa wanadamu zimepita, Alhamdulillahi, lakini hukumu ya mauziano imebaki. Sharti la kukwepa aibu halikumkinga hata sahaba mkubwa alipodaiwa kuwa huenda alikuwa akijua. Madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa nchi yetu, yameibana zaidi nafasi hii. Kwa kauli iliyotiwa nguvu na Imam an-Nawawi (aliyefariki mwaka 1277) katika Minhaj al-Talibin, sharti la namna hiyo humwokoa muuzaji katika jambo moja tu, nalo ni aibu ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua, kwa kuwa mnyama hula, huugua na kubadilika bila mtu kutambua. Pikipiki si mnyama. Muuzaji Mwislamu anayetundika tangazo lile ukutani anapaswa kulifikiri upya, tena kabla ya Ijumaa ijayo.

Tandiko mgongoni

Sasa tuingie katika upande unaomwuma mnunuzi, kwa maana hatukufika Sibwesa kumsifu mteja kwa kila alilolifanya.

Fiqhi humpa mnunuzi khiyari ya aibu, yaani hiari ya kuirudisha bidhaa kwa kasoro iliyokuwamo kabla ya kukabidhiwa na inayopunguza thamani yake. Hata hivyo, kwa Mashafii hiari hiyo ni ya papo hapo. Mwanazuoni huyohuyo, an-Nawawi, anaeleza kwamba mwenye kuigundua aibu akiwa katika swala ataimaliza swala yake. Akiwa anakula atamaliza kula. Ikiwa ni usiku, atangoje asubuhi. Baada ya hapo aende, au atume mtu. Akikutana na mashahidi njiani awashuhudishe kwamba amevunja mauziano. Na tangu alipojua, aache kuitumia: akiacha tandiko mgongoni mwa mnyama bila dharura, hiari yake imeanguka. Amesamehewa aliyempanda mnyama mkaidi asiyekubali kuswagwa wala kuvutwa.

Tulipoyasoma haya mbele ya wenyeji wetu, mama alimtazama mumewe, na mumewe akatazama mlangoni. Siku 11 alizobeba mahindi baada ya kuuona moshi ndizo tandiko lenyewe.

Ajabu ni kwamba sheria ya nchi inafika palepale kwa njia yake. Kwa Sura ya 214, mnunuzi huhesabiwa ameikubali bidhaa akimwambia muuzaji kuwa ameikubali, au akiifanyia jambo lisilopatana na umiliki wa muuzaji, au ukipita muda wa kuridhisha akiwa amekaa nayo bila kumwarifu muuzaji kuwa anaikataa. Akishaikubali, kwa kawaida haki ya kurudisha chombo na kurudishiwa fedha yote imemtoka. Inayobaki ni haki ya kudai fidia. Sheria haikutaja siku. "Muda wa kuridhisha" hupimwa na hakimu kwa hali ya kila shauri.

Nchi nyingine zimeona heri zitaje. Uingereza, kwa sheria yake ya mwaka 2015, humpa mlaji siku 30 za kukataa bidhaa mbovu na kurudishiwa fedha yake. Marekani, ambako gari jipya lisilotengenezeka huitwa limau, jimbo la Connecticut lilitunga mwaka 1982 sheria ya kwanza ya namna yake, nayo majimbo mengine yakaiga: kasoro ikitengenezwa mara 4 bila kupona, au gari likilala gereji jumla ya siku 30, mtengenezaji abadilishe gari au arudishe fedha. Sisi hatuna hesabu kama hiyo. Kwa maoni yetu ni pengo, na wanaoumia nalo zaidi ni wakazi wa mbali. Muda unaoonekana wa kuridhisha kwa mtu aliye mtaa wa pili na duka si muda wa kuridhisha kwa mtu wa Sibwesa, ambaye akitaka kukirudisha chombo kisichotembea hana budi kutafuta lori.

Lakini hata lori hilo, kumbe, si lazima. Sheria ya Sura ya 214 inasema mnunuzi mwenye haki ya kuikataa bidhaa aliyokwisha kupelekewa hafungwi kuirudisha mwenyewe. Inatosha amjulishe muuzaji kwamba ameikataa. Baba wa nyumba hii alikuwa akiahirisha kila wiki kwa kukosa nauli ya lori, kumbe ujumbe mmoja wa simu, wenye neno "naikataa" na sababu yake, ungefanya kazi ya lori lile.

Ujumbe uliomponza muuzaji

Je, siku zile 11 zilikuwa zimeimaliza haki yote? Hapa ndipo simu ya mke ilipoingia.

Aliyemwambia mnunuzi aendelee kuitumia ni muuzaji mwenyewe. Mume alikwisha kulalamika siku ileile aliyoiona kasoro, kama fiqhi ilivyotaka, na muuzaji akamrudisha barabarani kwa ahadi kwamba injini itazoea. Sisi hatuoni insafu yoyote katika kumhesabia mtu dhidi yake siku alizongoja kwa kauli ya anayemdai. Wanazuoni wa Kishafii nao wamemwachia nafasi mtu wa kawaida asiyejua kwamba hiari hii ni ya papo hapo, kwa kuwa ni hukumu inayofichikana kwa wasiosoma. Na Mahanbali wanaona kwamba hiari haianguki kwa kuchelewa kwenyewe, ila kwa tendo linaloonyesha kuridhika, na kukipanda chombo ili kukijaribu au kukirudisha si kuridhika.

Lakini maneno ya simu hupotea hewani. Kilichobaki ni ule ujumbe mfupi. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ujumbe wa namna hiyo haukataliwi mahakamani kwa sababu tu ya kuwa ni wa kielektroniki. Mama hakuijua sheria hiyo. Aliuacha ujumbe kwa kuwa, kwa maneno yake, "mtu akikuahidi jambo la fedha usifute, ndugu zangu, hata kama ni kaka yako."

Kuhusu injini kufunguliwa, muuzaji alikuwa na hoja, nasi hatutaificha. Waranti ni ahadi ya ziada ya mtengenezaji au ya duka, nayo huja na masharti yake: sevisi ya kwanza kwa wakati, oili ya aina fulani, fundi aliyetajwa. Fundi wa kijijini akikata sili, ahadi hiyo ya ziada inaweza kuanguka. Inayobaki ni haki iliyotoka kwenye sheria, ambayo muuzaji hakuitoa yeye wala hawezi kuinyang'anya kwa kijitabu. Hata hivyo ushahidi umeharibika. Kila kilichotolewa na kuwekwa chini na fundi yule sasa kinaweza kusemwa kuwa alikiharibu yeye. Fiqhi inaliita hilo aibu mpya iliyozuka mkononi mwa mnunuzi, nayo huzuia kumlazimisha muuzaji kupokea chombo hivi hivi. Ama wapatane, ama mmoja amlipe mwenziwe tofauti.

Tofauti hiyo huitwa arshi, na hesabu yake inafaa kujulikana. Chukua pikipiki ambayo ikiwa nzima thamani yake ni 3,000,000, na kwa kasoro ile thamani imeshuka hadi 2,250,000. Imepungua robo. Mnunuzi aliyelipa 2,800,000 atarudishiwa robo ya alicholipa, yaani 700,000, akabaki na chombo chake. Mahakama ya nchi, ikifuata Sura ya 214, ingeanza na tofauti yenyewe ya thamani, 750,000, kisha ingeweza kuangalia na hasara nyingine iliyotokana moja kwa moja na kasoro. Njia mbili hizi zimepishana kwa shilingi 50,000 tu.

Muuzaji alikuwa na kisingizio kimoja cha mwisho: yeye ni wakala tu, pikipiki humfikia ndani ya sanduku la mbao, kiwanda kiko ng'ambo na mwagizaji yuko Dar es Salaam. Huenda ni kweli, na tulimhurumia kidogo. Lakini mkataba wa mnunuzi ni na yule aliyepokea fedha yake. Huyo naye ana haki zilezile juu ya aliyemuuzia, hadi mnyororo ufike mwisho. Mwenye chombo hana wajibu wa kwenda Dar es Salaam kumtafuta mtu asiyemfahamu.

Msikitini, na mlango wa mahakama

Wenyeji wetu walikwenda kwanza kwa imamu wao, na imamu akafuatana nao mjini. Kabla ya kuondoka, kijana wao aliwaandikia barua ya ukurasa mmoja: tarehe ya kununua, tarehe ya moshi, maneno ya ujumbe, na sentensi iliyosema wazi kwamba wanaikataa pikipiki na wanataka fedha yao. Nakala mbili. Muuzaji alitakiwa kutia sahihi kwenye moja kuonyesha ameipokea. Alisita sana kuliko alivyosita juu ya jambo lolote jingine, imamu alituambia, kisha akatia.

Lau asingepatana nao, mlango uliofuata ulikuwa Mahakama ya Mwanzo, ambayo tangu marekebisho ya mwaka 2016 husikiliza madai ya mkataba yasiyozidi shilingi milioni 30. Huendeshwa kwa Kiswahili, na mtu wa kawaida huweza kujisemea mwenyewe. Asiyejua kuandika madai yake anaweza kumwona msaidizi wa kisheria, kada iliyotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambao huduma yao kwa asiye na uwezo ni bure. Malalamiko kuhusu upotoshaji au bidhaa za hatari hupelekwa FCC, na ya bidhaa isiyofikia viwango hupelekwa Shirika la Viwango, TBS. Taasisi hizo zina nguvu juu ya muuzaji kwa ajili ya soko zima. Mwenye kutaka fedha yake mfukoni asiache kudai kwa muuzaji na, ikibidi, mahakamani.

Mazungumzo yalichukua mchana mzima, wakavunja kwa Adhuhuri na kwa Alasiri. Muuzaji alikubali kuichukua pikipiki, lakini akataka akate shilingi 10,000 kwa kila siku kati ya siku 20 ilizotembea, kama kodi. Hapo imamu alimkumbusha hadithi ya Bi Aisha (R.A.) kuhusu mtu aliyemrudisha mtumwa mwenye aibu, na muuzaji akadai pato la kazi yake kwa siku alizokaa kwa mnunuzi. Mtume (S.A.W.) alimhukumia mnunuzi pato lile, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa amebeba hatari ya mali hiyo kupotea. Siku zile 20, pikipiki ingeibwa au ingeteketea moto, hasara ingekuwa ya mtu wa Sibwesa. Basi na manufaa yake ni yake. Muuzaji, ambaye naye husali msikiti wa sokoni, alinyamaza kwa muda kisha akaifuta kodi hiyo kwenye karatasi.

Hakuifuta gharama ya injini iliyofunguliwa, na imamu hakumlazimisha. Waliikadiria kuwa 180,000 mbele ya fundi wa tatu asiye wa upande wowote. Zikabaki 2,620,000. Nusu yake, 1,310,000, ililipwa siku hiyo mbele ya mashahidi wawili, na nusu ya pili ikaahidiwa baada ya siku 45. Kadi itabadilishwa jina fedha ikitimia, na hadi hapo pikipiki inabaki chini ya mwembe, mikononi mwa waliyoinunua.

Siku tuliyofika ilikuwa ya kumi na mbili kati ya hizo 45. Tulimwuliza mama kuhusu 900,000 zake. Akasema fedha ya kwanza ilipoletwa nyumbani alihesabu fungu lake akalitoa, na safari hii mumewe ndiye aliyeandika kwa mkono wake kwamba amempa. Akatuonyesha karatasi hiyo nayo, kisha akavirudisha vyote ndani ya kopo la biskuti kwa mpangilio uleule, karatasi ya makubaliano ikiwa juu.